Sahani Iliyonisubiri Masinga

Tangu nirudi, kila mmoja wenu amenijia na swali lake. Mmoja anataka kujua kama nimeokoka. Mwingine amesikia kwamba nilisafiri na mbuzi. Wa tatu anauliza kwa nini siku hizi chakula cha muthokoi kikitajwa mimi nanyamaza. Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo nimeandika yote, kutoka Kola mpaka kwenye bwawa la Masinga na kurudi. Mnanijua. Mimi ndiye niliyewaharibia harusi ya rafiki yetu kwa kumuuliza mchungaji anajuaje kwamba Mungu amewaunganisha. Msitegemee nimebadilika sana. Lakini kuna mambo niliyaona ambayo bado yananishtua nikiyakumbuka, na heri niyaandike kabla sijaanza kuyaeleza kwa akili na kuyapunguza.

Kola hadi Machakos mjini

Mama yangu ni mwalimu wa kwaya. Si kwaya kubwa, ni wanawake wanane wa Kola, wakulima wote, pamoja na yeye. Wana sare ya kitenge cha samawati, na kila mwaka baada ya kuvuna hutoka kwenda kuimba mahali wasikojulikana. Wanaita misheni. Mwaka huu mama alitaka niende nao kwa sababu ya mitambo. Tangu nimalize shahada yangu ya falsafa, kazi pekee iliyonipata ni kutengeneza spika za makanisa nisiyoyaamini.

"Tunaenda wapi?" nilimuuliza.

"Ndithini, kuimba sokoni. Halafu Masinga, kufungua kanisa."

"Masinga kwa nani?"

"Kwa watu wa Mungu."

"Mwaitu, hilo si jibu." Mwaitu ndilo jina tunalomwitia mama kwa Kikamba.

"Ni jibu. Hujalipenda tu."

Tuliondoka Alhamisi asubuhi kwa lori dogo la kanisa. Nilikuwa nyuma, nimekumbatia jenereta, na mbele yangu alikaa Anti Mwikali, mwenye sauti ya kwanza na ulimi mkali kuliko wote. "Profesa," aliniambia, "leo utabeba spika, ama utaanza kwa kuiuliza kama ipo?" Wanawake walicheka mpaka Machakos.

Mjini tulisimama kwa chai. Nilikula chapati na madondo katika hoteli ya karibu na stendi, na nilipotoka mama aliniuliza swali ambalo ameniuliza tangu nikiwa mtoto kila ninapokula nje ya nyumba yake: "Ilikuwa na chumvi?" Sijawahi kujua hasa anataka nini kwa swali hilo. Nadhani ni njia yake ya kuingia katika kila jiko ambalo hayumo.

Niliona amebeba Biblia yake ya Kikamba, ile iliyofungwa kwa utepe kwa sababu mgongo umeachana na kurasa, na mdomo ukaniwasha.

"Mwaitu, unajuaje kwamba hicho kitabu ni kweli?"

"Wewe unajuaje daraja litakubeba?"

"Nalikagua kwanza."

"Mimi nalivuka."

Jibu hilo nililiweka akilini nije kulivunja tukiwa na nafasi.

Machakos hadi Matuu

Nafasi ilipatikana upesi, ingawa sikuitumia. Kabla ya kufika Matuu lori lilitoa moshi mweupe, likanguruma kama ng'ombe anayekataa josho, likazima. Dereva alifungua boneti, akaangalia ndani kwa muda mrefu, kisha akaifunga polepole, jinsi watu wanavyofunika uso wa marehemu.

Tulikaa kando ya barabara kutoka saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Nilitarajia manung'uniko. Badala yake wanawake walitandaza leso, wakavua viatu, wakaanza kufanya mazoezi. Mama aliwasimamisha kila mstari: "Rudia. Umelimeza hilo neno. Mtu wa sokoni hana kitabu mkononi, akilikosa hilo neno amekosa habari yote."

Hilo lilikuwa la kwanza kunishtua. Nilikuwa nikidhani wanaimba ili wajisikie vizuri. Kumbe kwao wimbo ni kama mzigo unaopelekwa kwa mwenyewe, na neno likidondoka njiani ni wizi.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza matikiti ng'ambo ya barabara alivuka, akasimama, akasikiliza huku machozi yakimtoka. Nilijua wimbo umemgusa. Nilimsogezea leso aketi. Akasema, "Si hivyo. Mmekalia njia yangu ya kuteka maji tangu asubuhi na mimi ni mwoga kusema na watu wa Mungu." Tulihama kwa aibu. Lakini alituletea tikiti, akalipasua yeye mwenyewe kwa goti, akabaki nasi mpaka jua likapoa. Wakati wa kuondoka alimwomba Mwikali amrudishie ule wimbo wa pili, polepole, aushike.

Lori lilivutwa hadi Matuu, nasi tukalala katika ukumbi wa kanisa moja pale. Fundi alitangaza kwamba lori halitatoka kabla ya Jumatatu.

Matuu hadi Ndithini

Ijumaa asubuhi tulimpata Hassan. Ni mfanyabiashara wa mifugo, Msomali aliyekaa Matuu miaka mingi hata Kikamba chake kinapita changu. Lori lake lilikuwa linaelekea Ndithini, na kesho yake Masinga, likiwa na mbuzi saba tu.

Mwikali alimwonya: "Mzee, sisi tunaimba nyimbo za Yesu njia nzima. Utatuvumilia?"

"Mbuzi hulia njia nzima na huwa nawavumilia. Pandeni."

Alimpa mama yangu nafasi ya mbele karibu na dereva, kwa heshima ya umri wake, yeye mwenyewe akapanda nyuma pamoja nasi. Alinitazama jinsi nilivyoketi kimya wengine wakiomba.

"Na wewe ni mchungaji?"

"Hapana. Mimi siamini."

"Huamini Yesu?"

"Siamini chochote nisichoweza kukithibitisha."

Hassan alinishangaa kwa huruma ya kweli. "Wallahi, Wakristo nawajua. Hata waganga nawajua. Sasa wewe, ukiuza mbuzi, unaapa kwa nini?"

"Mimi siuzi mbuzi."

"Ndiyo sababu."

Mwikali alicheka hadi akashika mbavu. Nami nilicheka. Nilisogea ili nimwegemee mbuzi mmoja mweupe aliyefungwa peke yake kwa kamba nyekundu, na Hassan akanivuta mkono.

"Huyo usimwegemee, atachafuka. Ako na mwenyewe. Nimemtafuta wiki tatu, mweupe bila doa hata moja."

"Wa nani?"

"Mzee mmoja kule bwawani, anaitwa Nzioka. Zamani alikuwa dereva wa lori ya mchanga. Aligonga mtu upande wa Kola, akakimbia, akafungwa. Sasa kesho anakuja bibi ya yule marehemu na kijana wake. Wazee watachinja hii mbuzi, wakule pamoja, maneno ya damu iishe." Alitazama vitenge vya samawati, akavihesabu kwa macho, akarudi kwangu. "Nyinyi mlisema mmetoka wapi?"

Nilimgeukia Mwikali. Mwanamke asiyewahi kukosa neno alikuwa akitazama kucha zake. Niliwatazama wengine mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na kitu cha kutazama sakafuni. Walijua. Wote walijua isipokuwa mimi.

Baba alikufa nikiwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa anarudi kutoka kwenye mashine ya kusaga, gunia dogo la unga nyuma ya baiskeli, na lori la mchanga likamtupa mtaroni. Nakumbuka unga kwenye nyasi kuliko ninavyokumbuka uso wake. Siku ya mazishi babu alisimama kando ya kaburi akasema neno ambalo kila mtoto wa Kola analielewa: nyumba yetu na nyumba ya yule dereva hazitakula pamoja. Kwetu damu ikimwagika kati ya nyumba mbili, chakula kinakatika. Hata maji ya kunywa hampeani. Na katazo hilo haliondoki kwa maneno matupu. Lazima mnyama achinjwe, wazee wawepo, na mwana wa kwanza wa marehemu ale mbele ya watu. Mwana wa kwanza ni mimi.

Ndithini

Nilitaka kumkabili mama mara tu lori liliposimama, lakini soko lilikuwa limejaa, na spika zikishaonekana watu hukusanyika. Nikafunga nyaya kwanza.

Mzee mmoja alinijia. "Kijana, nipee pakiti mbili."

"Za nini?"

"Si mnauza dawa ya panya?"

Huko gari lenye spika ni la dawa ya panya, au la wanasiasa. Nilimwambia hatuuzi kitu. "Basi mnanunua?" Nilimwambia hatununui. Akarudi nyuma hatua mbili, akashika mfuko wake wa koti. Nilimwelewa kabisa. Hata mimi ningeshika mfuko.

Kisha wakaimba. Ninajua hila zote za kazi yangu. Sauti ikichakaa naongeza mwangwi, na nyufa zinafunikwa. Niliongeza. Mama akashika maikrofoni katikati ya wimbo, kama afanyavyo, akasema na watu wa soko kwa Kikamba cha kawaida, bila kupaza. Aliwaambia kwamba yupo aliyebeba hukumu isiyokuwa yake, kwamba Neno limesema hivyo na yeye amelisadiki, na kwamba mtu akisadiki hivyo hawezi tena kumkabidhi jirani yake mzigo uliokwisha kubebwa.

Nimemsikia akisema hayo maisha yangu yote. Siku hiyo nilisikia jina la mtu ndani yake, ingawa hakulitaja. Yule mzee wa dawa ya panya alibaki mpaka mwisho, mkono bado mfukoni.

Tulipomaliza nilimwita mama nyuma ya lori.

"Umelijua jambo hili tangu lini?"

"Aliandika barua. Ni miaka miwili sasa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuja?"

"Singekuja."

"Basi."

"Mwaitu, hii ni kunidanganya."

Alikaa juu ya spika, akaonekana mzee ghafla. "Ndiyo. Hilo nitaulizwa. Lakini sikiza. Nzioka ameokoka tangu jela, na tangu atoke hajawahi kushiriki Meza ya Bwana. Hata mara moja. Anasema Neno linamwambia aache sadaka yake hapo, aende kwanza apatane na ndugu yake. Ndugu yake ni sisi, Muthama. Jumapili Meza inaandaliwa katika kanisa la boma lake mwenyewe, na atakaa nyuma kama kawaida, isipokuwa tukila chakula chake. Mimi nitakula. Lakini nikila mimi peke yangu, nyumba ya baba yako haijala. Hilo analijua, na wewe unalijua."

"Na nisipokula?"

"Basi nitakuwa nimekuja kuimba."

Gari la kunirudisha halikuwepo. Na kusema kweli, hata lingekuwepo nisingeondoka. Nilikuwa na swali moja kwa yule mtu, swali la miaka kumi na minne, na nilitaka kuuona uso wake akinidanganya.

Ndithini hadi Masinga

Jumamosi barabara ilikuwa ya vumbi, na hakuna aliyeimba. Hassan alikaa karibu nami. Mara moja tu alisema, "Kama ni mimi nilijua, ningefunga mdomo." Nikamwambia ndiye mtu pekee aliyeniambia ukweli wiki nzima.

Boma la Nzioka liko mahali ambapo unayaona maji ya bwawa kwa mbali kama bati jipya. Kulikuwa na nyavu zimeanikwa kwenye ua, kanisa la mabati lenye harufu ya mbao mbichi, na wazee watatu wameketi na kisu kimefungwa katika gazeti. Nzioka mwenyewe alisimama mlangoni. Nilikuwa nimemchora kichwani kama jitu. Alikuwa mtu mfupi mwenye shati lililopigwa pasi vibaya. Hakutoa mkono. Alingoja kuona kama tutatoa sisi. Mama alitoa.

Hassan alimshusha mbuzi. Mzee mmoja akafungua gazeti.

"Hapana," mama alisema.

"Hapana nini, mama?"

"Hamchinji."

Mzee yule akasema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, "Mama, kukula bila kuchinja ni kujitafutia balaa. Damu inataka damu."

"Nakubali inataka. Ndiyo maana ilimwagika. Imeandikwa kwamba ilimwagika mara moja na ikatosha. Nikiruhusu hii, nitakuwa nimesema ile haikutosha, na siku zote nimekuwa nikiwaimbia watu uongo."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka, na maneno yaliyotoka sijui yalitoka wapi. "Mwaitu, waache wachinje!"

Wote walinigeukia.

"Ni mbuzi tu," nikasema. "Wanamchinja, inaisha. Huwezi kuvunja kitu kama hiki kwa maneno ya kitabu. Hakitavunjika!"

Mama alinitazama, na nikaona amepigwa na mshangao kunizidi. "Muthama. Si wewe ni mtu wa kuthibitisha? Nithibitishie huyo mbuzi."

Sikuweza. Nilisimama pale, mimi niliyeandika kurasa sitini chuoni kuhusu ushirikina, nikiwa mtu pekee katika boma lile, ukiacha wazee watatu, aliyekuwa anamtetea mbuzi. Na sikuwa natania. Mwili mzima uliniambia kwamba chakula bila mnyama kitanikwama kooni. Mama yangu, ambaye nimemwita mtu wa kuamini kila kitu, alikuwa ameacha kila kitu isipokuwa sentensi moja, akasimama juu yake na uzito wake wote. Lile daraja.

"Mimi mbuzi nimeleta," Hassan alisema kwa sauti ndogo. "Hiyo mengine sijui."

Wazee walikifunga kisu gazetini. Hawakuondoka, lakini walisogeza viti vyao mbali.

Mke wa Nzioka alileta muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, katika sahani za bati. Alinipa yangu kwa mikono miwili. Mama alipokea yake, akaomba, akala. Nilimwona akimeza. Nzioka hakugusa yake. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikauliza swali langu. "Siku ile. Ulikimbia kwa sababu ulijua amekufa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu yote. Kwamba aliogopa kupigwa. Kwamba hakuona. Kwamba alikwenda kutafuta msaada. Kila moja nilikuwa nimeliandalia jibu.

"Hakuwa amekufa," alisema Nzioka. "Alikuwa anaongea. Aliniambia, saidia. Mimi nikarudi kwa lori nikaondoka."

Masikio yangu yalijaa mvumo kama spika yenye waya mbovu. Nilimgeukia mama. Alikuwa ameweka kijiko chini, lakini hakushtuka.

"Aliniandikia hilo pia," alisema. "Nikalia mwaka mzima. Halafu nikaandika kwamba nitakuja."

Niliweka sahani chini, nikatoka nje. Nilitembea mpaka karibu na maji. Wavuvi walikuwa wakiosha mashua yao na mmoja akaniuliza kama nanunua samaki. Lakini nilipokuwa nikitoka uani nilikuwa nimegeuka, nikamwona mke wa Nzioka mlangoni ameshika sahani yangu. Hakuimwaga. Aliifunika kwa sahani nyingine, akaingia nayo ndani.

Masinga, Jumapili

Nililala kanisani kando ya mitambo, nikaamka mapema, na kulikuwa tayari na mwanga. Nzioka alikuwa nje ya jiko, amechutama mbele ya beseni, akiosha vikombe vidogo vya Meza ya Bwana, vile vya kioo, vidogo kama kifuniko cha chupa. Aliosha kimoja, akakiinua kuelekea jua, akakirudisha majini, akakiosha tena.

"Hii kazi ni yako?" nilimuuliza.

"Tangu nitoke jela. Huko kanisa ya kwanza pia nilikuwa naosha."

"Na hunywi."

"Sinywi."

"Sasa kwa nini unaosha?"

Hakuwa ameulizwa swali hilo kabla. "Lazima mtu aoshe," alisema.

Siku zote nina swali la pili. Mnanijua. Pale sikuwa nalo. Nilisimama nikamwangalia akiinua vikombe vya watu wengine juani, na nikakumbuka mara zote nilizodai kwamba dini ni njia ya watu kujidanganya. Huyu alikuwa amesoma mstari mmoja, akauchukua jinsi ulivyo, na kwa miaka yote hiyo haukumpa chochote isipokuwa beseni na njaa. Mtu hajidanganyi hivyo. Angekuwa wa kujidanganya, jana angenipa jibu zuri zaidi.

Niliingia jikoni. Mkewe alikuwa akipuliza moto.

"Ile sahani," nikasema.

Hakuuliza ipi. "Ipo. Nimeipasha mara mbili."

Nilitoka nayo nje, nikala nikiwa nimesimama, bila wazee, bila mbuzi, bila ombi. Kijiko cha kwanza kilikaa mdomoni muda mrefu. Nilimeza. Cha pili. Kwenye cha tatu ndipo Nzioka alipoinua uso akaona ninachokula. Alirudi kwenye beseni akaendelea kuosha kikombe kile kile, kile kile, maji yakimwagika miguuni, mpaka mkewe akaja akakitoa mkononi mwake taratibu.

Saa nne kanisa lilijaa. Hata yule muuza samaki alikuwepo, na wale wazee watatu walikaa karibu na mlango. Kwaya iliimba, na mama alipofika kwenye mstari ambao alikuwa amewarudisha wenzake mara kumi kando ya barabara, sauti yake ilipasuka. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha mwangwi. Kazi yangu ni hiyo, kufunika nyufa. Nilikiondoa. Niliacha ipasuke mbele ya watu wote, na neno halikudondoka. Mwikali na wenzake walilipokea wakalifikisha.

Mkate ulipopita, Nzioka alinyanyuka kwenye benchi lake la nyuma, akanitafuta juu ya vichwa vya watu mpaka akanipata pale kwenye mitambo. Alikuwa anaomba ruhusa. Mimi! Nilitikisa kichwa kumkubalia. Akachukua. Akanywa kile kikombe chake cha kioo, kisha akabaki amekishika, hajui pa kukiweka, kama mtu ambaye hajawahi kufika sehemu hiyo ya ibada.

Kurudi Kola

Jumatatu Hassan alikuja kutuchukua mpaka Matuu, ambako lori letu lilikuwa limefufuka. Alipomwona mbuzi mweupe amefungwa uani anakula maganda, alishika kichwa.

"Tangu nianze hii biashara, mbuzi ya kuchinjwa sijawahi kuikuta hai! Sasa mlikula nini?"

"Muthokoi," nikasema.

"Muthokoi tu? Na ikaisha?"

Sijui kama nimemsamehe yule mtu. Usiku mwingine namsikia baba akisema lile neno moja, na naamka nikiwa na hasira mpya. Kuhusu kuokoka, yule aliyeuliza, jibu ni hapana, au bado, chagua mwenyewe. Ninachojua ni kwamba nilikula, na kwamba niliogopa, na kwamba hakikunikwama.

Kutoka Matuu tulikaa mbele, mama na mimi, karibu na dereva. Hatukuwa tumeongea wawili peke yetu tangu Ndithini. Nyuma, Mwikali alikuwa ameanzisha wimbo. Tulikuwa tumekaribia kwetu mama aliposema, akitazama barabara:

"Ilikuwa na chumvi?"

Nilimwelewa papo hapo. Alikuwa akingoja kuniuliza tangu jana asubuhi.

"Ilipungua."

"Nilijua. Mke wake ana mkono mwepesi. Wakija Disemba nitamwonyesha."

"Nani wanakuja Disemba?"

"Wao." Alinigeukia kana kwamba mimi ndiye ninayesema mambo ya ajabu. "Ulidhani sisi tutakula kwao, halafu wao wasile kwetu?"

Dereva alipunguza mwendo kwenye kona, pale kwenye mtaro ule wa baba. Nilitazama nyasi. Kisha nikaanza kuvihesabu viti vya nyumbani kwetu. Vipo vinne, na kimoja ni cha baba.